Ukishinda kwa mamluki hujashinda

Najua wengine mmekuja kutafuta stori za bumu na nani kapata supu, leo hamna. Leo nimekuja na hasira zangu kuhusu mpira wa shule, na ninaowasema ni sisi wenyewe tunaosomea ualimu, maana miaka miwili mitatu ijayo ndio tutakaokabidhiwa filimbi na mfuko wa jezi.

Nasema hivi, na nitarudia mpaka mchoke: shule inayoshinda kwa mamluki haijashinda kitu. Kashinda yule jamaa wa kukodi. Shule imefungwa, tena imejifunga yenyewe.

Kwa wale waliosoma shule zisizo na hata kiwanja, ngoja nieleze kidogo. Msimu wa UMISSETA ukifika, shule zinaanza kukutana zenyewe kwa zenyewe, wachezaji wanachujwa, inaundwa timu ya wilaya, kisha ya mkoa, mwisho fainali za taifa. Sisi wa Tabora tunazijua vizuri, mji wetu ulikuwa mwenyeji wa fainali hizo 2022 na 2023. Sasa huko chini kabisa, shule kwa shule, ndiko mamluki anakozaliwa. Ni mchezaji wa ndondo, au kijana aliyemaliza kidato cha nne zamani na ndevu anazo. Anavalishwa sare ya kuazima, anapewa jina la mwanafunzi wa kweli, anaambiwa "ukiulizwa darasa lako sema kidato cha tatu B". Dakika 90 zikiisha anavua jezi, anapewa chake, anaondoka zake.

Nilikoenda kufanya mazoezi ya kufundisha (shule siitaji, na haipo hapa mjini) nililiona hili kwa macho yangu. Kulikuwa na dogo mmoja wa kidato cha tatu, beki wa kulia. Kipaji cha kawaida tu, sitawadanganya, lakini hakukosa mazoezi. Saa kumi jioni yuko uwanjani, ndiye anayejaza mipira upepo, ndiye anayekusanya koni, na kwao ni mbali, anafika giza limeingia. Siku ya mechi ya kufuzu zikaja bodaboda mbili na vijana watatu ambao hakuna aliyewahi kuwaona darasani. Mmoja wao ndiye aliyekuwa anaendesha bodaboda yenyewe! Huyo akapewa jezi namba 2. Dogo akaambiwa avue sweta la shule amwazime mgeni, na jina lake likabaki kwenye fomu vilevile, ila miguu ikawa ya mtu mwingine. Timu ikashinda 3-0. Dogo akaangalia "yeye mwenyewe" akicheza, kasimama nyuma ya goli kashika viatu vya watu.

Nikamuuliza mwalimu wa michezo, akanijibu kwa upole kabisa: "Mwalimu, wewe mgeni. Kila shule inafanya hivi."

Jumatatu mstarini mkuu wa shule akaisifia timu, makofi yakapigwa. Wiki ile ile mazoezini nilihesabu watoto saba. Kabla ya hapo walikuwa wanafika ishirini na zaidi. Na kwa nini waje? Wameshaelewa kwamba kufanya mazoezi hakumpi mtu nafasi, nafasi inakuja na bodaboda.

Sasa jamani tuulizane kama watu wa elimu. Mtu akikufanyia mtihani wa taifa kwa jina lako, akikamatwa NECTA wanafuta matokeo, na kila mwalimu atasema ni haki. Mtu huyo huyo akikuchezea mpira kwa jina lako, tunampigia makofi na kumnunulia soda. Tofauti iko wapi? Jina la kughushi, picha ya kughushi, mhuri halali wa shule juu ya uongo. Halafu Novemba tunasimama mlangoni mwa chumba cha mtihani tunawapekua watoto mifuko tukitafuta desa. Watoto wanatuangalia tu. Wanajua nani aliwafundisha.

Msiseme ni mambo madogo ya huku kwetu. Mwaka 2005 vijana wetu wa chini ya miaka 17, Serengeti Boys, walikuwa wameshafuzu kwenda fainali za Afrika kule Gambia. Tukaondolewa kwa kumchezesha mchezaji aliyezidi umri. Kikosi kizima kikakosa safari kwa ajili ya umri wa mtu mmoja. Miaka 12 baadaye upepo ukageuka. Congo Brazzaville walitutoa uwanjani, tukakata rufaa kuhusu umri wa mchezaji wao, CAF wakataka apimwe kwa kipimo cha MRI, hakutokea. Congo wakaondolewa, sisi tukaenda Gabon 2017. Tulishangilia, na ilikuwa haki yetu. Lakini huwezi kushangilia haki kule Gabon huku Jumamosi unamvalisha dereva bodaboda sweta la mtoto. Na 2019, fainali zilipochezwa hapa hapa Dar es Salaam, Guinea walimaliza wa pili, kisha wakaporwa nafasi yao kwa kosa lile lile la umri. Hizo tabia hazianzii timu ya taifa, wadau. Zinaanzia kwenye fomu ya shule, na anayeijaza ni mwalimu.

Na hata tukiacha maadili pembeni tuongee faida tu, ushindi wa kukodi haukai. Mfano tunao mjini kwetu. Agosti 2023 Kitayosce, waliokuja kuitwa Tabora United, walianza Ligi Kuu dhidi ya Azam. Mji mzima tulikuwa redioni. Matatizo ya usajili yakawafanya waingie uwanjani wakiwa 8 tu, na mechi ikavunjika mapema Azam wakiwa mbele 4-0. Sisemi walikuwa na mamluki, hapana, kesi yao ni nyingine. Ninachosema ni kwamba timu inayotegemea watu wa kuletwa, siku wasipopatikana inabaki jina na jezi. Shule ndiyo ilipaswa kuwa sehemu ya mwisho kabisa kupatwa na balaa hilo, maana shule ina mamia ya vijana ndani ya uzio wake, bure.

Najua mtakayosema. La kwanza: "vipaji vya mtaani navyo vionekane." Sawa kabisa, mimi nani nipinge? Basi waleteni wasome! Makongo Sekondari chini ya Kanali Idd Kipingu ilijulikana nchi nzima kwa kukusanya vijana wenye vipaji. Lakini waliandikishwa, wakakaa darasani, wakawa wanafunzi wa Makongo. Huko ni kumpa kijana shule. Kumwazima sweta kwa dakika 90 ni kumtumia. Hata huyo wa bodaboda kaonewa, amecheza kwa jina la mtu mwingine, hivyo hata mchujaji wa timu ya wilaya akimpenda hatampata.

La pili: "tukifungwa kila siku watoto watakata tamaa." Nani kasema tufungwe? Kushinda ni kutamu, mimi mwenyewe nikifungwa silali. Ila shule ina kazi ya kwanza, nayo ni malezi, na timu yenye tabia nzuri ni sehemu ya malezi hayo: anayekuja mazoezini ndiye anayepangwa, kapteni anachaguliwa na wenzake, wa benchi anajua kwa nini yuko benchi na afanye nini atoke. Timu hiyo itafungwa baadhi ya siku. Itafungwa ikiwa yenyewe, na Jumatatu itajua nini cha kurekebisha. Ile ya kukodi ikifungwa inarekebisha nini? Inatafuta bodaboda nyingine.

La tatu, hili ndilo zito: "mkuu wa shule akiniamuru nifanyeje, na mimi ni ajira mpya?" Hapa sina utani. Fomu inataka sahihi, na sahihi ni yako, si ya mkuu. Mambo yakiharibika atakayeitwa ni aliyesaini. Kwa hiyo siku ya kwanza tu ukikabidhiwa timu, sema kwa adabu kwamba majina yatatoka kwenye daftari la mahudhurio, na kila mwalimu wa darasa atathibitisha wa kwake kabla hujasaini. Ukiliweka hilo mapema, Januari, wakati hakuna mechi, utaonekana mwalimu makini. Ukisubiri mpaka bodaboda zifike getini utaonekana mkorofi, na umeshachelewa.

Mji huu ulipata jina kwa wapagazi. Mnyamwezi alibeba mzigo wake kwa mabega yake kutoka hapa mpaka pwani, ndiyo maana akaheshimiwa njia nzima. Sisi leo tunataka mtu mwingine abebe, kisha tusifiwe sisi.

Wale tunaomaliza pamoja na kwenda kutawanyika Nzega, Urambo, Sikonge na kwingineko, naomba tupeane neno. Yule beki wa kulia mwenye kipaji cha kawaida, anayejaza mipira upepo, acheze. Afungwe akijifunza, ashinde akijua ni yeye. Anayepinga aje tubishane chini ya mwembe kesho jioni, aje na hoja, asije na kikombe.

Nawakilisha.