FEZA YA SHABA HAIOMBI NDIMU



Neno langu la mara hii ni juu ya zile feza za shaba zenye tundu katikati, ambazo wengi wetu wanazitoa mu masanduku ya wazee na kuzileta shuleni. Nasema wazi: tabia ya kuzisugua na ndimu, chumvi na mchanga ili ziangaze ni mbaya, na inafaa tuiache. Wengine watasema: doyen sasa amekuwa polisi hata wa makuta! Hapana. Nasema juu kuna wenzetu wanaotafuta minerval kwa kuuzisha feza hizo, na wanaharibu wao wenyewe ile kitu wanataka kuuzisha.

Kwanza tujue ni kitu gani tuko nayo mukononi. Leopold II, mufalme wa Ubelgiji, alitawala État Indépendant du Congo tangu 1885 mpaka 1908. Kuanzia 1887 walipiga feza za shaba za santimu 1, 2, 5 na 10. Upande mumoja kuna nyota ya pembe tano. Upande mwingine kuna herufi L za mufalme, zenye taji, zinazunguka tundu. Tundu lile lilitoka kiwandani, si kosa. Mununuzi akikuambia "imetobolewa, bei inashuka," anakuchezea akili. Lakini ukiona tundu la pili pembeni, mutu alilitoboa ili aivae shingoni. Hilo njo linashusha bei sokoni, hata kama kwa jamaa yenu ni ukumbusho mukubwa.

Sasa namna ya kuhukumu. Sisi tunachanganya mambo mawili ambayo yako mbalimbali: kulika kwa feza, na hali ya ngozi yake.

Kulika kunatoka kwa mikono na mifuko ya watu. Shika feza kwa ukingo, si kwa uso, juu jasho la vidole liko na chumvi na linakula shaba. Uiinamishe kidogo mbele ya dirisha. Angalia kwanza mahali palipoinuka: juu ya taji, mistari ya nyota, kisha herufi na mwaka. Kama taji ziko na mistari yao yote, feza ilitembea kidogo. Kama taji zimekuwa kama vidonge tu lakini maandiko yanasomeka, ilitembea sana. Kama hata mwaka hauonekani, imechoka kabisa.

Wafaransa na Wabelgiji wanapanga daraja hizi: B, TB, TTB, SUP, SPL, na mwisho FDC, ni kusema fleur de coin, feza kama ilivyotoka kwa kupigwa. Hapa muangalie vizuri! TB mu bulletin ya pointi ni furaha nyumbani. TB ya feza ni feza iliyolika sana. Mwenzetu akiambiwa "très beau" anacheka kwa furaha, kumbe wanamupimia bei ya chini. Huko Marekani wanatumia hesabu ya 1 mpaka 70. William Sheldon aliitoa mwaka 1949 kwa ajili ya senti za shaba za zamani za kwao, na leo wanapima nayo feza za kila namna. Basi shaba njo ilitangulia mu jambo hili.

Ngozi ni habari ingine. Shaba mupya iko nyekundu. Hewa inaigeuza pole pole, inakuwa nyekundu iliyochanganyika na kahawia, kisha kahawia kabisa, hata nyeusi-nyeusi. Sisi wa Bio-Chimie tunajua: ile rangi ni oksidi, ngozi nyembamba inayofunika chuma na kukilinda. Si uchafu. Ukipaka ndimu, asidi inakula ile ngozi. Mchanga nao unaleta mikwaruzo. Feza inaangaza siku chache, rangi yake kama waridi, si ile nyekundu ya kwanza. Kisha inageuka tena, lakini kwa mabaka-mabaka. Mutu anayejua ataona kwa mara moja, na hakuna dawa ya kuirudisha.

Kijani nayo iko ya namna mbili. Kuna kijani kigumu, laini, kilichoshikamana na feza iliyokaa mu udongo: hicho kimetulia, ukiache. Kuna kijani cheupe-cheupe kama unga, kinachotoka ukigusa na kurudi tena kukiwa na maji-maji hewani: hicho ni ugonjwa, na chumvi ya kloru njo inauleta. Feza kama hiyo uiweke mbali na zingine, mahali pakavu.

Kwa hiyo hukumu ya haki iko na maneno mawili. Sema: "Imelika kidogo, lakini ilisuguliwa." Ama: "Imelika sana, lakini ngozi ni nzima." Anayesema neno moja tu, "nzuri" ama "mbaya," anaficha nusu.

Trimestri iliyopita mutoto mumoja wa internat alikuwa na santimu 10 ya nkambo yake. Mununuzi alimuambia: nyeusi hivi, haina bei. Mutoto akaisugua usiku mzima. Kesho yake mununuzi yule yule akasema: imesuguliwa, haina bei. Akailipa bei ya mikate miwili. Muone: asiyejua kuhukumu anashindwa pande zote mbili.

Najua kuna wanaouliza: kama ni chafu kweli, tufanye nini? Maji safi bila sabuni, bila kusugua, kisha kuikausha kwa kitambaa laini, kwa kugandamiza tu. Basi. Kisha uifunge mu karatasi kavu, si mu plastiki ya hovyo, juu plastiki zingine zinaacha mafuta ya kijani.

Wengine wananiuliza neno nzito zaidi: hizi ni feza za Leopold, za wakati wa kaucho na fimbo, juu ya nini kuzilinda? Najibu: nyota na zile L zilitoka Brussels, lakini kulika kulitoka kwa mikono ya watu waliozitumia. Tena si wote walizipata. Wengi wa ndani ya inchi walilipwa kwa nguo na kwa mitako, zile nyuzi za shaba ya manjano. Ukisugua feza, humufuti mufalme. Unafuta alama ya wale walioishika.

Naomba basi mambo mawili. Moja, asiuzishe mutu feza ya jamaa bila ruhusa ya wazee wake. Pili, tuombe mwalimu wa historia atupatie saa moja: kila mutu alete feza yake jinsi ilivyo, tuzilinganishe mbele ya dirisha, na tuandike mu kayé moja ya shule mwaka, kulika na ngozi ya kila moja. Atakayekwenda kwa mununuzi nyuma ya pale, aende akijua anachoshika.

Doyen wa wanafunzi,
mwaka wa sita, Bio-Chimie