Skwashi Baada ya Miaka Arobaini: Cheti Hakitoshi

Miongoni mwa michezo ambayo watu wa makamo huiombea cheti cha daktari, skwashi ndio unaostahili mazungumzo marefu zaidi, na ndio unaopewa mafupi zaidi. Daktari mmoja humwambia mwombaji, "Kwa umri wako, acha." Mwingine hupima shinikizo la damu, hugonga muhuri na kumwita anayefuata. Kwa maoni yangu wote wawili wamekwepa kazi.

Kiwanja cha skwashi kina urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4, na kuta pande zote nne. Mpira hautoki nje, kwa hiyo mchezaji hapati ile nafuu ya kuufuata anayoipata mwenzake wa tenisi. Mapigo ya moyo hupanda mapema na kubaki juu hadi mechi iishe, mara nyingi zaidi ya asilimia 80 ya kiwango cha juu cha mhusika. Huu si mchezo wa kutafutia afya iliyopotea. Anayetaka kuurudia baada ya miaka kumi ya kukaa ofisini aanze kwa kutembea haraka, kisha kukimbia, kwa miezi kadhaa, ndipo ashike raketi. Misuli na kano ya kisigino nayo inahitaji muda huo.

Mwaka 1986 madaktari wa Uingereza walichapisha uchambuzi wa vifo 60 vya ghafla vilivyohusishwa na skwashi. Waliofariki walikuwa wanaume 59 na mwanamke mmoja, wastani wa umri wao ukiwa miaka 46. Katika vifo 51 chanzo kilikuwa ugonjwa wa mishipa inayolisha moyo. Lakini takwimu ninayotaka kila msomaji aikumbuke ni nyingine: watu 45 kati ya hao 60 walikuwa wamehisi dalili kabla, hasa maumivu ya kifua. Walihisi, kisha wakaingia kiwanjani. Anayeshindania kombe ana sababu nyingi za kuyaita maumivu hayo kiungulia.

Je, tupige marufuku? Hapana. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia watu wazima zaidi ya 80,000 wa England na Scotland, ulionyesha kwamba waliocheza michezo ya raketi walikuwa na hatari ya kufariki iliyo pungufu kwa asilimia 47 kuliko wasiocheza. Ni kweli kwamba wacheza raketi huwa na afya na kipato kizuri tangu mwanzo, na hata watafiti wakijitahidi kusawazisha tofauti hizo, uhusiano bado si uthibitisho wa chanzo. Hata hivyo, hakuna humo hoja ya kumzuia mtu kwa umri pekee. Hashim Khan wa Pakistan alitwaa British Open kwa mara ya saba mwaka 1958, akiwa amevuka miaka 40, na aliishi hadi mwaka 2014.

Basi tuulize vizuri. Je, kifua hubana unapopanda ngazi? Umewahi kuzimia ukiwa mazoezini? Kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana? Mwenzangu mhudumu, kumbuka kwamba kipimo cha umeme wa moyo kilichofanywa mgonjwa akiwa amelala kinaweza kuwa safi ilhali mishipa imeziba kwa sehemu. Mwenye dalili, au mwenye kisukari na shinikizo la juu anayetaka kushindana, achunguzwe pia moyo wake ukiwa kazini. Angalia na dawa zake. Zile za kupunguza kasi ya moyo huifanya saa ya mkononi iseme uongo. Za kuongeza mkojo, katika joto la Dar es Salaam au Mombasa, humkausha mchezaji kabla hajahisi kiu. Anayetumia insulini apime sukari kabla na baada ya mechi. Mwenye homa asicheze kabisa.

Macho pia yasisahaulike. Mpira wa skwashi una kipenyo cha milimita 40 hivi na hupenya katika tundu la jicho. Miwani ya kusomea haikingi, tena huweza kuvunjikia humo humo. Inayofaa ni ile ya kinga ya polikaboneti.

Mashindano ya kimataifa ya wakongwe huanzia miaka 35 na kugawanywa kila baada ya miaka mitano. Katika vilabu vyetu wachezaji ni wachache, hivyo mwenye miaka 58 hupangiwa mwenye miaka 27, naye hataki kuonekana mzee. Viongozi wa vilabu wanaweza kurekebisha hilo kwa kalamu tu. Wanaweza pia kuhakikisha kwamba watumishi wote wanajua kukandamiza kifua, na kwamba mashine ya kushtua moyo ipo karibu. Moyo ukisimama, kila dakika inayopita bila msaada hupunguza nafasi ya kupona kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Mashine hiyo isifungiwe katika ofisi ambayo mwenye ufunguo huondoka saa kumi na moja jioni, maana watu wazima huja kucheza baada ya kazi.