Wazee wetu wa Marekani na miezi sita isiyorudi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 15 mwezi wa 10 mpaka tarehe 7 mwezi wa 12, simu za wazee wetu wanaoishi Marekani zinalia bila kupumzika. Sauti nzuri inauliza kama muzee ana kadi ya Medicare, kama angependa kutengenezewa meno bure, kama anajua kwamba kuna mpango usiolipisha hata dola moja kwa mwezi. Siku hizi sauti ile wakati mwingine inasema Kiswahili chetu kabisa, cha Uvira ao cha Bukavu. Muzee anafurahi, anasoma namba ya kadi yake, na mambo yamekwisha.

Niko na baba mdogo kule Iowa aliyemaliza mambo yake namna hiyo. Alifika mwaka 2007, akafanya kazi miaka 13 katika kiwanda cha nyama, akasimama kwenye baridi na kisu mkononi mpaka alipofikia miaka 65. Siku ya kuacha kazi, watoto wake walimfanyia karamu. Hakuna hata mmoja aliyekaa naye kusoma barua za bima. Aliyekaa naye, kwa simu, dakika 40, ni wakala.

Wasomaji wa Goma, Uvira ao Kalemie watauliza: hayo yanatuhusu nini sisi? Yanatuhusu sana. Katika mwaka wa bajeti wa 2016 peke yake, Marekani ilipokea wakimbizi Wakongomani zaidi ya 16,000, na wengine wengi wamefuata. Walionusurika mauaji ya Gatumba ya mwezi wa 8 mwaka 2004 walianza kuhamishiwa kule mwaka 2007. Aliyefika wakati ule na miaka 47 alifikia uzee wa kustaafu mwaka 2025. Ni hao wanaolipa masomo ya watoto wetu na kununua mabati ya nyumba zetu. Tangu benki zilipofungwa Goma mwezi wa 1 mwaka 2025, familia nyingi zinaishi kwa feza zinazopitia kwenye simu kutoka inje. Siku muzee wa Iowa anapopata deni la hospitali, watu wanaona ndani ya chungu huku Kivu.

Sasa tuseme jambo lenyewe, kwa sababu wengi wanadhani Medicare ni kadi moja inayolipa kila kitu. Hapana. Ni bima ya serkali kwa watu wa miaka 65 na kuendelea, na iko na vipande. Sehemu A inahusu kulala hospitali. Aliyekatwa kodi ya Medicare kwenye mshahara kwa miaka 10 haitolei mchango wa mwezi. Sehemu B inahusu munganga, vipimo na matunzo ya kwenda na kurudi, na mwaka 2025 karibu kila mtu aliilipia dola 185 kwa mwezi. Sehemu D inahusu dawa.

Shida iko katika mashimo. Ukilazwa, unatoa kwanza feza kutoka mfuko wako (mwaka 2025 zilikuwa dola 1,676) mbele ya Sehemu A kuanza kulipa, na unaweza kuzitoa zaidi ya mara moja kwa mwaka mmoja kama unarudi hospitali kisha kukaa inje siku 60. Upande wa B, unatoa dola za kwanza za mwaka (mwaka 2025 zilikuwa 257), kisha Medicare inalipa asilimia 80 na wewe 20. Hiyo 20 haina kikomo. Matunzo ya kansa ya dola 30,000 yanakuachia wewe dola 6,000, na kama yanafika 100,000, hesabu inaendelea kupanda vilevile.

Kwa kuziba mashimo hayo kuna njia mbili, na hapo ndipo wazee wetu wanapotea. Njia ya kwanza ni bima ya nyongeza inayoitwa Medigap. Unabaki na Medicare ya serkali, unaenda kwa munganga yeyote katika inchi nzima anayepokea Medicare, na kampuni ya nyongeza inalipa kile kilichobaki. Unatoa mchango mwingine kila mwezi, mara nyingi zaidi ya dola 100, na dawa unazilipia mpango wake kando. Njia ya pili ni Medicare Advantage: unakabidhi Medicare yako kwa kampuni, nayo inakutunza kwa orodha yake ya waganga na kwa ruhusa zake. Mara nyingi haiombi mchango zaidi ya ule wa Sehemu B, na inaongeza miwani na meno. Iko pia na kikomo: mwaka 2025, kwa waganga walio kwenye orodha, haikuweza kukutoza zaidi ya dola 9,350 kwa mwaka.

Sisemi kama Advantage ni wizi. Kwa muzee mwenye afya, mwenye pansioni ndogo, anayeishi katika mji wenye waganga wengi, inaweza kuwa chaguo zuri. Kinachonikasirisha ni neno «bure», na kile ambacho sauti ya simu haisemi kamwe.

Hii njo haisemwi: Medigap inafungua mlango wake mara moja. Siku unapokuwa na miaka 65 na Sehemu B yako imeanza, unapata miezi 6. Ndani ya miezi hiyo kampuni haina haki ya kukukataa wala kukuongezea bei kwa sababu ya sukari, tansio ao moyo. Miezi ikiisha, katika majimbo mengi kampuni inaweza kukuuliza maswali ya afya na kukukataa. Kuna majimbo machache, kama New York na Connecticut, yanayolinda watu mwaka mzima. Aliyeingia Advantage mara ya kwanza alipofikia miaka 65 anaruhusiwa pia kutoka ndani ya miezi 12 na kununua Medigap bila maswali. Kisha hapo, zile tarehe za mwezi wa 10 mpaka wa 12 zinakuruhusu kurudi kwenye Medicare ya serkali, lakini hazilazimishi kampuni yoyote ya nyongeza kukupokea.

Baba mdogo alijua hivyo mwaka wa tatu, moyo wake ulipoanza kumsumbua. Hospitali iliyokuwa inamtunza haikuwa tena kwenye orodha ya kampuni mwaka ulipobadilika. Alipoomba Medigap, walimuuliza kuhusu moyo. Alijibu ukweli, maana ni mtu wa kanisa. Walimkataa.

Kwa wazee wetu kuna jambo jingine ambalo Mumarekani hana. Ni wangapi waliopewa tarehe 1 mwezi wa 1 kambini, Nyarugusu ao Kyangwali, kwa sababu aliyekuwa anaandika hakuwa na wakati wa kuuliza ni msimu gani mama alizaa? Marekani inafuata karatasi. Na kwa aliyezaliwa tarehe 1 ya mwezi wowote, Medicare inaanza mwezi unaotangulia. Kwa hiyo muzee wa tarehe 1 mwezi wa 1 anaanza tarehe 1 mwezi wa 12, na kama Sehemu B yake inaanza siku hiyo, miezi yake 6 ya Medigap inakwisha mwishoni mwa mwezi wa 5. Wanaongoja Bonane ndipo waanze kuuliza, wamekwisha poteza mwezi mmoja. Anayeendelea na kazi katika kampuni yenye watu 20 ao zaidi, na ana bima ya kazini, anaweza kungojea kuchukua Sehemu B. Miezi 6 inahesabiwa kuanzia siku Sehemu B inapoanza. Asiye na bima hiyo na akachelewa anaongezewa asilimia 10 ya mchango kwa kila mwaka mzima aliochelewa, na nyongeza hiyo anaendelea kuilipa muda wote atakaokuwa na Sehemu B.

Kuchagua kampuni yenyewe si kazi ngumu kama wanavyotutisha. Mipango ya Medigap inaitwa kwa herufi, na sheria inalazimisha herufi moja iwe na matunzo yale yale kwa kampuni zote, isipokuwa Massachusetts, Minnesota na Wisconsin zenye utaratibu wao. G ya kampuni kubwa ya televisheni ni G ya kampuni usiyoijua. Inalipa karibu mashimo yote, isipokuwa zile dola za kwanza za mwaka za Sehemu B. N ina bei ya chini kidogo, lakini unaweza kutoa mpaka dola 20 ukimuona munganga na mpaka 50 ukiingia mahali pa dharura bila kulazwa, na haikulindi kwa munganga anayetoza zaidi ya bei ya Medicare. F, ambayo wazee wa zamani wanaisifu, haiuzwi kwa waliofikia Medicare tangu mwanzo wa mwaka 2020.

Basi swali la kuuliza kampuni ni la bei, na si bei ya leo tu. Kuna kampuni zinazoweka bei moja kwa wote, kuna zinazoangalia umri wako siku uliyonunua, na kuna zinazopandisha kadiri unavyozeeka. Hizi za mwisho zinaonekana rahisi kwenye miaka 65 na zinakubana kwenye 80. Uliza pia wamepandisha kiasi gani miaka iliyopita. Wakala analipwa na kampuni. Anayestahili kuulizwa kwanza ni mshauri wa bure wa programu ya SHIP, iliyo katika kila jimbo. Na namba ya Medicare yenyewe, 1-800-633-4227, inatoa mkalimani bila malipo. Sema tu «Swahili» na ungoje. Sheria inakataza wakala wa Advantage kupigia muzee simu ikiwa muzee hakumuomba. Anayepiga bila kuombwa amekwisha jionyesha ni mtu wa namna gani.

Mama zetu waliobaki nyumbani kulea wajukuu, bila miaka 10 ya kazi, wasikate tamaa: mama anaweza kupata Sehemu A bila mchango kupitia kazi ya bwana wake. Ataombwa kuonyesha ndoa, na hapo ndoa za kimila zisizo na karatasi zinaleta safari nyingi za ofisi. Tafuteni karatasi mapema. Asiye na miaka 10 ya kazi wala bwana mwenye nayo lazima awe raia, ao awe na kadi ya kijani na miaka 5 mfululizo ya kuishi inchini, kisha anunue. Sehemu A mwaka 2025 ilifika mpaka dola 518 kwa mwezi. Na sheria iliyosainiwa tarehe 4 mwezi wa 7 mwaka 2025 imewatoa katika Medicare wakimbizi ambao hawajapata kadi ya kijani. Aliyeacha karatasi zake zilale kwenye droo azitoe.

Kwa muzee mwenye mapato madogo sana, sitasema Medigap hata kidogo. Aanze kwa Medicaid ya jimbo lake. Ikimpokea, inaweza kumlipia hata mchango wa Sehemu B, na hahitaji bima ya nyongeza. Kumuuzia Medigap mtu ambaye muuzaji anajua yuko na Medicaid ni jambo linalokatazwa, isipokuwa katika hali chache.

Na kwa wale wanaorudi kutuona: Medicare ya serkali hailipi hospitali ya Bukavu wala ya Bujumbura. Lakini Medigap G na N zinalipa asilimia 80 ya dharura inayotokea inje ya inchi ndani ya siku 60 za kwanza za safari, kisha wewe kutoa dola 250, na kikomo chake ni dola 50,000 kwa maisha yote. Hospitali zetu zitaomba feza taslimu kwanza. Muzee achukue faktire yenye muhuri na jina la munganga. Wangapi wamekuja kuzika mama wakarudi na deni, na hawakujua kama walikuwa na haki hiyo?

Nimebakiza neno kwa sisi tuliobaki huku, na ninajihesabu ndani. Mwaka ule baba mdogo alipostaafu, nilimuomba feza ya kumalizia ukuta. Aliituma. Baadaye nilikuja kujua kama mke wake alikuwa amemwambia bima ya nyongeza ni dola 130 kwa mwezi, naye akajibu kwamba nyumbani wanamungoja, hiyo nyingine ni bure, achukue ya bure. Hakuniambia siku ile. Mimi pia sikumuuliza anaishi namna gani pasipo mshahara. Tuko na vikundi vya WhatsApp vinavyokusanya feza ya matanga ndani ya siku mbili, Louisville mpaka Nairobi. Sijaona hata kimoja kilichokaa kuhesabu mchango wa bima wa mtu aliye hai.

Dada yake mdogo yuko na miaka 64, na karatasi yake inasema tarehe 1 mwezi wa 1. Safari hii watoto wake wamepata miadi na mshauri wa jimbo mwezi wa 9, na binti mkubwa atakaa naye mezani. Sisi wa huku tumeombwa kitu kimoja: tusimuombe feza mpaka mwezi wa 6, ajue kwanza atabakiza ngapi. Wawili kati yetu wamenuna. Ukuta wangu uko palepale, bila lipu, na utangoja.