Kuelekeza na Kusindikiza



Katika kikao chetu cha mwezi uliopita tulimwomba mmoja wa akina mama wa chama chetu atusimulie jinsi alivyosafiri peke yake kwenda China kwa mara ya kwanza, mwaka 2018. Ni mfanyabiashara wa viatu na mabegi, mwenye meza yake katika soko la Virunga. Kabla ya mwaka ule hakuwa amefika mbali kuliko Kampala. Wenzake wawili waliokubaliana kuondoka naye walighairi siku za mwisho, mmoja kwa sababu ya ugonjwa wa mtoto, mwingine kwa kukosa fedha. Yeye tiketi alikwisha kuilipa, na mkopo wake ulikwisha kuanza kuhesabiwa riba, basi akaamua kwenda. Alivuka Petite Barrière kwa miguu asubuhi, akapanda basi la Kigali, akaruka hadi Addis Ababa, na kesho yake akashuka Guangzhou, mji ambao hakumjua mtu yeyote ndani yake isipokuwa sauti ya simu ya bwana mmoja aliyeahidi kumpokea.

Bwana yule hakutokea, na simu yake haikupokewa. Mama alikuwa na karatasi yenye jina la hoteli, lakini limeandikwa kwa herufi zetu, na madereva wa teksi aliowaonyesha walitikisa kichwa na kumrudishia. Alikaa juu ya begi lake kwa muda wa saa tatu. Anasema kwamba wakati ule hakuogopa wezi. Aliogopa kwamba akifa pale, hakuna mtu ambaye angeweza hata kulitamka jina lake.

Kisha msichana mmoja, mwanafunzi kwa jinsi alivyoonekana, akasimama mbele yake. Hawakuwa na neno hata moja la pamoja. Msichana aliongea ndani ya simu yake, na simu ikatoa maneno ya Kifaransa yaliyopinda kidogo, lakini yakaeleweka: alimwuliza kama anahitaji msaada. Alisoma karatasi, akaitafuta hoteli katika simu, akaandika anwani yake upya kwa Kichina. Hapo kazi yake ingeweza kuishia, na mama angemshukuru maisha yake yote. Lakini msichana alilitazama begi, akamtazama mama, akashika mpini wa begi upande mmoja, na wakashuka pamoja hadi kwenye treni ya chini ya ardhi. Alisafiri naye mpaka mtaa wa Xiaobei, ambako Waafrika wengi hufikia kwa biashara, akamfikisha mlangoni pa hoteli, akangoja mpaka alipopewa ufunguo. Alikataa kupokea fedha. Jina lake mama hakulishika vizuri, na hadi leo humwombea kwa kusema tu, "yule binti wa begi."

Katika siku kumi zilizofuata alikutana na wengine. Asubuhi moja alisikia nyuma yake sauti ya kijana ikisema, "Shikamoo, mama." Alikuwa Mtanzania aliyemsikia akinung'unika kwa Kiswahili mbele ya duka la viatu. Akamjibu marahaba kwa shida, kwa kuwa kwetu Goma neno hilo tunalisikia zaidi redioni kuliko midomoni mwa watu. Kijana yule hakuwa na faida yoyote ya kupata kwake. Alimweleza tu bei ya haki ya kila bidhaa, akamwonya asilipe mzigo wote kabla ya kuuona ukifungwa, kisha akaenda zake.

Jumapili alimfuata mwanamke wa Angola mpaka Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, jengo la mawe matupu lililojengwa kati ya 1863 na 1888, ambalo wenyeji huliita Shishi, maana yake nyumba ya mawe. Ibada waliyoikuta ilikuwa ya Kichina. Hakuelewa neno lolote, lakini alijua ni wakati gani wa kusimama na ni wakati gani wa kupiga magoti. Bibi kizee aliyekuwa katika benchi alisogea ampe nafasi, na wakati wa kupeana amani alimshika mkono kwa mikono yake miwili, wala hakuuachia upesi.

Tulipomaliza kumsikiliza, tulitaka kumshukuru na kufunga kikao. Yeye akatuzuia. Alisema kwamba hakukubali kusimulia ili tufurahie wema wa Wachina, bali kwa sababu ana jambo lingine la kutuambia, nalo halimpi sifa. Jambo hilo ndilo lililotufanya tuandike tafakari hii, naye ametupa ruhusa.

Jioni ya Jumamosi, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ulilipuka. Sote tunakumbuka mbingu nyekundu, na watu waliovuka kwenda Gisenyi usiku uleule. Siku tano baadaye, Alhamisi tarehe 27, ikatoka amri kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji wetu ihame. Mama huyu na watoto wake wanne walitembea pamoja na maelfu ya watu hadi Sake, umbali wa kilomita 25 hivi. Familia moja ambayo hawakuwa na undugu nayo iliwafungulia mlango. Walipewa chumba cha watoto wa nyumba ile, na watoto wenyewe wakalala jikoni. Walikaa humo siku kumi, wakila walichokula wenyeji.

Mwezi wa pili wa mwaka 2024 vita vilikaribia Sake, na barabara ileile ikajaa watu tena, safari hii wakielekea Goma. Jioni moja familia ya watu tisa ilisimama mbele ya nyumba ya mama. Haikuwa ile iliyompokea, lakini ilitoka mji uleule. Mtoto mdogo alikuwa amefungwa mgongoni kwa pazia, kwa kuwa kitenge kilibaki njiani. Mama aliwapa maji ya bidoni moja na kilo mbili za maharagwe, akawaonyesha kwa kidole njia ya kwenda kambi ya Bulengo. "Sikuwafukuza," alituambia. "Niliwaelekeza." Kesho yake moyo ulimsuta, akamtuma kijana wake awatafute huko. Kijana hakuwapata. Mwanzoni mwa 2025 kambi zile zikaondolewa, na watu wakatawanyika tena. Hadi leo hajui familia ile iliishia wapi.

Kikao kilinyamaza. Hakuna aliyemlaumu, kwa kuwa kila mmoja wetu alikuwa anahesabu moyoni watu aliowaelekeza.

Ndugu zangu, maneno haya mawili, kuelekeza na kusindikiza, tunadhani yanaeleza tofauti ambayo hotuba ndefu za ukarimu huificha. Kuelekeza ni jambo jema. Anayemwonyesha mtu njia hajamdhulumu. Lakini anayeelekeza hubaki pale alipo, na mgeni huondoka na mzigo wake wote. Anayesindikiza huuacha uwanja wake kwa muda mfupi, huinua upande mmoja wa begi, na hurudi nyumbani baada ya kuona mlango umefunguka. Binti wa Guangzhou hakumchukua mama kumpeleka kwao. Hakumlisha, hakumlipia hoteli. Alimpa labda saa moja na nusu ya siku yake. Msaada wa kiasi hicho hata maskini anaweza kuutoa, na bado ndio uliookoa safari nzima.

Tunajua hoja zitakazoletwa. Ya kwanza ni umaskini wetu. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zenye vyumba viwili, zimesimama juu ya mawe ya volkano ambapo hata bustani ndogo hailimiki kwa urahisi. Watu tisa wataingia wapi? Hoja hii ni ya kweli, nasi hatusemi kwamba mama yule alipaswa kuwalaza wote tisa. Tunasema kwamba hakupaswa kuachwa ajibu peke yake. Mtu mmoja akigongewa mlango na watu tisa, ataogopa, na hofu humfanya aonyeshe kidole barabarani. Lakini shirika la nyumba ishirini likigongewa mlango na watu tisa, linaweza kupata nyumba tatu za kulaza watu watatu watatu kwa wiki moja. Kosa la usiku ule lilikuwa letu zaidi kuliko lake, maana tulikuwa majirani, na hatukuwa tumejipanga.

Hoja ya pili ni usalama. Katika mji uliopitia tuliyoyapitia sisi, mtu asiyejulikana anatazamwa kwa jicho la mashaka, na si upumbavu. Mwenye hila naye huanza kwa tabasamu, kama bwana yule aliyeahidi kumpokea mama uwanjani. Ila tuangalie jinsi binti alivyotenda: alisaidia mbele za watu, katika treni iliyojaa, akamkabidhi mgeni kwa wahudumu wa hoteli. Ukarimu hauhitaji kufanyika gizani. Kumpeleka mgeni kwa shefu wa avenyu na kumtambulisha kwa majirani ni ulinzi kwa mwenyeji, na ni heshima kwa mgeni, ambaye tangu hapo ana jina mtaani.

Hoja ya tatu haisemwi kwa sauti, lakini ndiyo nzito kuliko zote. Mgeni mmoja kutoka mbali hupendwa kwa urahisi. Wageni mia kutoka karibu huchosha. Ujumbe wa watu watatu ukitoka Ulaya kututembelea, sisi wenyewe hufagia uwanja, hununua soda, huchagua kitenge cha zawadi, na mtu wa kuwasindikiza hadi mpakani hapatikani mmoja tu, hupatikana kumi. Kwa hiyo uwezo wa kupokea tunao. Tunachokosa ni kuutumia kwa yule ambaye hataacha picha wala barua ya shukrani. Mama alikuwa peke yake Guangzhou, naye alipokewa kama mtu mmoja mwenye begi na uchovu. Watu wa Sake walikuja wengi, nasi tukawaona kama wingi. Lakini hata katika barabara iliyojaa, kila mtu hutembea na hofu yake mwenyewe.

Sisi wa Goma hatuna udhuru wa kusahau. Tarehe 17 Januari 2002 lava ilipita katikati ya mji, Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu likateketea, na maelfu kwa maelfu wakavuka kwenda Gisenyi na mikono mitupu. Kabla ya hapo, Julai 1994, ni sisi tuliowaona mamia ya maelfu ya Wanyarwanda wakiingia kwetu katika siku chache, na kipindupindu kikiwaua juu ya mawe yetu. Hakuna mji unaojua vizuri zaidi jinsi mwenyeji anavyoweza kuwa mgeni kabla ya jua kuchwa. Maandiko huwakumbusha Waisraeli mara nyingi kwamba walikuwa wageni Misri, na ukumbusho huo unakuja pamoja na amri, kwa sababu anayesahau njaa yake ya jana huwa mkali kwa mwenye njaa wa leo.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu, madogo kwa makusudi. Kila shirika lichague watu wawili, mwanamume na mwanamke, ambao kazi yao ni kusindikiza: mgeni akifika, wao huitwa, nao humfikisha kwa shefu wa avenyu, kwa parokia, au katika kituo cha afya, wala hawarudi kabla hajapokewa. Pili, ijulikane mapema nyumba zipi zina nafasi ya mtu mmoja au wawili, na kwa siku ngapi, ili usiku wa msiba tusianze kuulizana. Tatu, kikapu chetu cha kila mwezi kimkumbuke anayepokea pamoja na anayepokewa. Familia ya Sake iliyolaza watoto wake jikoni ilihitaji unga kama wageni wake, na hatujasikia kwamba kuna mtu aliyeipelekea.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengine hutumia methali hii kumwambia mgeni aondoke. Sisi tunaisoma vingine. Anayepewa jembe amepewa nafasi katika shamba. Ameacha kuhesabiwa kama mzigo. Basi na anayefika kwetu, baada ya kupumzika, apewe kazi, aulizwe maoni, akae nasi katika kikao.

Kikao kilipokwisha, jioni ile, mvua ilikuwa inakaribia. Mama yule alikuwa na mfuko mzito wa vyombo tulivyotumia. Kijana mmoja alianza kumwonyesha mahali ambapo pikipiki hupatikana. Kisha akanyamaza, akaona haya kidogo, akaushika mfuko upande mmoja, wakaondoka wote wawili.