Altezza ya mtumba: piga hesabu kabla hujatuma pesa Japani

Msimu wa malipo ya tumbaku, vijana wa Inyonga hutuuliza kuhusu Altezza. Toyota iliitengeneza kuanzia 1998 hadi 2005. Miaka hiyo wanunuzi walihamia magari ya familia, na magari ya spoti ya bei nafuu yakaachwa: Nissan Silvia mwaka 2002, Celica 2006. Toyota ilirudi mwaka 2012 na gari la 86, ikishirikiana na Subaru. Lakini kwa mfuko wetu, spoti bado ni ya mtumba.

Mtego uko hapo. Gari likizidi miaka 10, TRA huongeza ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya kodi nyingine. Bei ya mtandaoni ni mwanzo tu. Fungua kwanza kikokotoo cha TRA kwenye simu, ujue jumla.