Gozi Tunaihesabu, Punje ya Mionzi Je?

1/7
Wamama wenzangu, na nyie wababa mnaolea, leo naandika kwa hasira kidogo, mnivumilie. Kuna kauli inazunguka mahospitalini: "Mambo ya mionzi waachieni watu wa mionzi." Naikataa, na nawaomba na nyie muikatae.

Kwenye chumba cha upasuaji, kabla tumbo halijafungwa, manesi tunahesabu gozi, sindano na mikasi. Hesabu isipotimia, tumbo halifungwi, hata daktari awe bingwa wa mabingwa. Wodini, pethidini na mofini zinakaa kwenye kabati la kufuli, zina daftari lake na saini mbili. Ikikosekana ampuli moja, zamu nzima inaulizwa.

Sasa hivi, kwa nini punje ya mionzi inayoweza kuua ilindwe kwa ulegevu kuliko gozi?

2/7
Tuelewane kwanza, maana hapa watu wengi huchanganya.

Mashine ya eksirei ni kama taa. Ukiizima, mionzi imekwisha. Utrasaundi ya mjamzito haina mionzi ya aina hiyo kabisa, kwa hiyo mama kijacho usiiogope.

Chanzo cha mionzi ni kitu kingine. Hakina swichi. Kinatoa mionzi usiku na mchana, kiwe ndani ya mashine, mfukoni mwa mtu au jalalani. Nguvu ya iridiamu-192 inapungua nusu kila baada ya siku 74. Kobalti-60 inachukua miaka 5 na ushee. Sesiamu-137, miaka 30. Mtoto anazaliwa, anakua, anaoa, na sesiamu imefika nusu tu.

Vyanzo hivi vina kazi njema. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inaongoza kwa wanawake Tanzania, na mara nyingi mgonjwa hupewa tiba ya mionzi ya ndani. Mashine inasukuma punje kwa waya mwembamba kupitia mrija hadi kwenye uvimbe, inakaa dakika chache, inarudi kwenye sanduku lake zito. Tiba hii inaokoa wamama. Asikimbie mtu matibabu kwa sababu ya uzi huu. Ninachodai ni kwamba punje ikitoka, ihakikishwe imerudi.

3/7
Isiporudi inakuwaje? Novemba 1992, mji unaoitwa Indiana, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Bibi wa miaka 82 alipewa tiba hiyo kwa iridiamu. Waya ukakatika, punje ndogo kuliko ya mchele ikabaki ndani yake.

Kengele ya mionzi chumbani ililia. Wahudumu wakatazama mashine, mashine ikasema salama. Wakaiamini mashine, wakaona kengele ndiyo mbovu. Hakuna aliyechukua kipimo cha mkononi akampitishia mgonjwa, kazi ya dakika moja.

Bibi akarudishwa kwenye nyumba ya kulelea wazee. Siku ya nne mrija ukatoka, wahudumu wakautupa na taka kama mrija mwingine wowote. Siku iliyofuata bibi akafariki. Punje ilikuja kugundulika kwenye kituo cha taka jimbo la Ohio, baada ya vipimo vya pale kulia. Zaidi ya watu 90 walikuwa wamepigwa na mionzi ile, wakiwemo waliokuwa wanamhudumia bibi kwa upendo bila kujua.

Hiyo ni Marekani, yenye pesa na mitambo. Hawakukosa kifaa. Walikosa tabia ya kuhakiki.

4/7
Sasa njoo Brazili, mji wa Goiânia, 1987. Kliniki ya tiba ya mionzi ilihama, ikaacha mashine yenye sesiamu-137 kwenye jengo bovu. Vijana wawili wakaingia kutafuta chuma chakavu, wakaing'oa, wakaiuza. Usiku unga wa ndani ukawaka rangi ya bluu. Watu wakaona ni kitu cha ajabu na kizuri, wakagawiana ndugu na majirani. Mtoto wa miaka 6 aliuchezea, akala chakula na mikono ileile.

Walikufa watu 4, yule mtoto akiwemo. Watu 249 walikutwa na uchafu wa mionzi. Zaidi ya laki moja walipimwa. Na unga wote ule haukufika gramu 100.

Nani aligutuka? Mke wa mwenye skrepa. Hakusomea mionzi. Aliona tu watu wanaomzunguka wanaugua kwa pamoja, akakipeleka kile kitu kwa basi hadi ofisi ya afya. Aliokoa wengi, yeye akafa. Yule mama alifanya kazi ambayo daftari la kliniki lilipaswa kuifanya miaka miwili kabla.

5/7
Najua mtanijibu nini.

"Unatisha watu, wataacha tiba." Mgonjwa haogopeshwi na hospitali inayohesabu. Anaogopeshwa na hospitali inayoficha.

"Mashine za siku hizi hazikosei." Hata ile ya Pennsylvania ilisema salama.

"Ni kazi ya mtaalamu wa fizikia." Sawa, aongoze yeye. Lakini anayemtoa mgonjwa kitandani ni nesi, anayebeba taka ni mfanya usafi, anayempakata bibi nyumbani ni mjukuu. Wote hao wana haki ya kufundishwa.

"Bajeti hakuna." Penye bajeti ya mashine ya mamilioni na sherehe ya kukata utepe, hapakosekani bajeti ya kipimo cha mkononi na daftari.

6/7
Tanzania sheria ipo, Sheria ya Nguvu za Atomiki ya 2003, na Tume ya Nguvu za Atomiki ipo. Lakini sheria hailali wodini. Kwa hiyo nadai kila hospitali yenye vyanzo ifanye haya:

– Kila chanzo kiwe na namba, mahali pake na saini mbili kikitoka na kikirudi.
– Mgonjwa, chumba na taka vipimwe kwa kipimo cha mkononi kila baada ya tiba.
– Kengele ikilia, iaminiwe hadi ithibitishwe vingine.
– Chanzo kilichochoka kirudishwe kilikotoka, na karatasi ya kukipokea ionekane. Stoo siyo makaburi.
– Kitengo kikihama au kufungwa, mlango usifungwe mpaka hesabu itimie. Kama tumbo.

7/7
Na wewe mama, kazi yako ni hii.

Ukiwa na mgonjwa wa tiba ya mionzi ya ndani, uliza kwa heshima kabla hamjaondoka: "Nesi, amepimwa baada ya tiba?" Nesi mzuri hatakasirika.

Watoto wanaookota vyuma chakavu wafundishe alama: mapanga matatu kwenye rangi ya njano, au pembetatu nyekundu yenye fuvu na mtu anayekimbia. Wakikuta kichuma kidogo kizito kuliko kawaida, au kitu kinachong'aa gizani, wasishike, wasifungue, wasilete nyumbani. Wasogee mbali, waite mkubwa, mkubwa aite polisi.

Manesi wenzangu mnaosoma hapa: kuhesabu tunajua kuliko mtu yeyote hospitalini. Tusikubali kuambiwa hii haituhusu.