Dhahabu tunaipima, nyama je?

Mtu akitoka mu kariere na dhahabu yake, iwe Mongbwalu, iwe Nizi ao Iga Barrière, hakuna negosya mwenye kumupa franga bila kuipima kwanza. Negosya anaiweka ku mizani, anaangalia rangi, na akiwa na mashaka anaitia tone la asidi. Kama ni shaba imejificha ndani, itatoa povu mbele ya macho ya wote. Hakuna mwenye anakasirika. PDG hakasiriki, mchimbaji hakasiriki, juu kila mmoja anajua kwamba kipimo ndicho kinamaliza maneno.

Kisha mtu huyu huyu, siku ya posho, anapeleka zile franga zake kwa muuza nyama, kilo mbili za ngombe kwa mama na watoto. Hapo hakuna kipimo tena, isipokuwa kile cha kilo. Anaangalia kama nyama ni nyekundu, anaibonyeza na kidole, anainusa, analipa. Sisi tunauliza leo: juu ya nini tunapima kile tunachouza, na kile tunachowekea watoto ku sahani tunakinunua na macho tu?

Tunasema juu ya dawa zinazobaki ndani ya nyama. Ngombe wa Ituri wanapata ugonjwa wa kupe, wanapata ugonjwa unaoletwa na nzi wa tse-tse, wanapata minyoo. Mfugaji anawadunga sindano: oksitetrasiklini ao penisilini kwa homa na vidonda, diminazene kwa ugonjwa wa tse-tse, ivermektini kwa minyoo na kupe. Dawa hizi si sumu. Bila hizi, ngombe wengi wangeisha. Lakini dawa haitoki mwilini siku ile ile ya sindano. Inabaki katika nyama, zaidi katika maini, katika figo na pale sindano ilipoingia. Ndiyo maana kila dawa iko na siku zake za kungoja mbele ya kuchinja. Kwa oksitetrasiklini ile ya nguvu ya siku nyingi, chupa nyingi zinaandika siku 28. Kwa diminazene ni karibu juma tatu. Kwa ivermektini ni mwezi mzima, na chupa zingine zinaomba zaidi. Hesabu inageuka kufuatana na chupa, kwa hiyo kusoma chupa ni lazima.

Tunajua namna mambo yanavyoharibika, na mara nyingi haiko kwa ubaya wa mtu. Ngombe anaugua. Siku ya kwanza wanamudunga. Siku ya tatu bado hakuli. Mwenye ngombe anaona atapoteza yote, anatafuta mnunuzi mbio. Siku ya tano anachinjwa, siku ya posho iko ku sahani yako, na dawa yake bado ndani. Tuongeze vita juu yake. Tangu mwisho wa mwaka 2017, katika Djugu na kisha Irumu, familia ngapi zimekimbia na wanyama wao, ngapi zimenyanganywa? Mtu mwenye hajui kama ngombe wake watakuwa pale kesho asubuhi, ni vigumu umuambie angoje siku 28. Tena dawa zinauzwa sokoni kama chumvi, bila karatasi ya veterineri, na maandishi ya luga mfugaji haisomi. Ile ya ngombe ni ile ile ya mbuzi, ya nguruwe, ya kuku.

Hatuandike hivi kwa kutia watu woga. Kipande kimoja cha nyama yenye dawa hakiangushe mtu usiku ule ule. Lakini hasara iko, na ni ya namna tatu.

Ya kwanza: kuko watu ambao mwili wao unakataa penisilini. Kwa watu hao, hata kiasi kidogo kinaweza kuleta vipele ao shida ya kupumua.

Ya pili: kuko dawa ambazo hazipaswe kabisa kuingia katika mnyama wa kuliwa. Kloramfenikoli ni moja. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza kwa wanyama hao mwaka 1994, juu inaweza kuzuia mifupa isitengeneze damu, na wataalamu hawakuona kiasi ambacho wangeweza kusema hiki ni salama.

Ya tatu ndiyo kubwa, na inagusa mchimbaji kuliko mtu yeyote. Wewe unayeingia ndani ya shimo, jiwe linaangukia mguu, koleo inakata mkono, maji machafu yanaingia katika kidonda. Ku santé wanakupa dawa za kuua vijidudu, na dawa hizo ni za jamaa moja na zile za ngombe. Sindano zikipigwa ovyo kwa wanyama, na mabaki yakiliwa kidogo kidogo na watu, vijidudu vinazoea. Siku unahitaji dawa, dawa haikusikie tena. Uchunguzi mkubwa uliotoka mwaka 2022 katika gazeti la waganga The Lancet ulihesabu kwamba mwaka 2019 watu karibu milioni 1,27 walikufa duniani juu vijidudu vilikuwa vimeshinda dawa. Afrika yetu ndiyo iliumia kupita wote.

Mtu atasema: tutapika muda mrefu, itaisha. Hapana. Moto unapunguza dawa zingine, lakini hauzimalize zote. Wachimbaji wanaelewa jambo hili haraka, juu wanajua merkire. Ukichoma dhahabu, merkire inapotea machoni, na kumbe imeingia mapafuni, imeingia mtoni, imeingia samaki. Kile jicho halione hakijaisha.

Tuangalie jirani. Uganda ndiko kunatoka mayai na kuku wengi wanaoliwa hapa Bunia. Mwaka 2023, mbele ya bunge la Kampala, ofisi ya serikali yenye kusimamia dawa ilikubali kwamba tangu 2014 ilijua kwamba wafugaji wengine wanapa nguruwe na kuku dawa za ukimwi, zile zinazotolewa kwa wagonjwa, ili wanyama wapone na wanone mbio. Mwaka ule ule, watafiti wa chuo kikuu cha Makerere walipima nyama ya masoko ya Kampala na ya Lira, wakakuta alama za dawa hizo katika nyama nyingi ya kuku na ya nguruwe. Miaka tisa watu walikula bila kuambiwa. Kilicholeta jambo hili wazi hakikuwa kelele ya soko. Ni kipimo.

Na hapa ndipo tunataka wakubwa wa Ituri watusikilize vizuri. Kwetu, pale hakuna kipimo, neno la barabarani linachukua nafasi yake. Leo wanasema nyama ya fulani iko na sumu. Kesho yule fulani anakuwa kijiji kizima. Kesho kutwa anakuwa kabila. Tumezika watu wa kutosha juu ya maneno ambayo hakuna mtu aliyeyahakikisha. Dawa katika nyama haina kabila: inategemea chupa, siku na sindano, kwa mfugaji yeyote, wa Irumu, wa Mahagi, wa Aru ao wa ng'ambo ya mpaka. Karatasi yenye namba inaweza kusema hivyo. Mdomo hauwezi.

Tuwe wa haki: veterineri wa abatuari anafanya kazi. Anaangalia mapafu, anakata maini kutafuta minyoo, anatafuta majipu na kifua kikuu. Lakini jicho la mtu, hata likiwa la miaka 30 kazini, haliwezi kuona oksitetrasiklini. Nyama yenye dawa iko nyekundu sawa na ingine.

Je, kipimo ni mashini ya mamilioni? Kwa kuanza, hapana. Kuko njia rahisi inayotumika duniani tangu zamani. Unachukua maji kidogo ya figo ao ya nyama, unayatia katika kachupa kenye vijidudu visivyodhuru mtu na rangi ya zambarau. Unakaweka mahali pa moto wa kipimo, karibu digri 64, kwa saa tatu ao nne. Kama nyama haina dawa, vijidudu vinaota na rangi inageuka manjano. Kama dawa iko, vijidudu vinakufa na zambarau inabaki. Ni sawa na tone la asidi la negosya: halikwambie yote, lakini linakwambia simama hapa, angalia tena. Kisha ile yenye mashaka ndiyo inatumwa ku labo kubwa, kujua ni dawa gani na kiasi gani. Kinshasa kuko labo ya Leta ya wanyama. Karibu zaidi, Butembo, chuo kikuu cha Graben kinafundisha waganga wa wanyama. Hatuanze na mikono mitupu.

Kwa hiyo tunaomba mambo manne.

Moja, abatuari ya Bunia ianze kupima figo chache kila juma, na kisha mahali pa kuchinjia pa Mongbwalu, Mahagi na Aru pafuate. Kila ngombe anayechinjwa analipiwa taksi: sehemu ndogo ya taksi ile inunue vile vichupa.

Mbili, miezi sita ya kwanza isiwe ya kufunga watu wala ya amende. Tukianza na amende, ngombe watachinjwa usiku porini, na hatutajua kitu. Tupime, tuhesabu, na hesabu itangazwe ku radio bila jina la mtu wala la kijiji. Kisha sheria ifuate.

Tatu, kila mnyama anayeuzwa atembee na karatasi: alidungwa dawa gani, siku gani. Ile karatasi ifuate ngombe kutoka kraal mpaka abatuari, na wale wanaovuka Mahagi, Aru na Kasenyi nao wawe nayo.

Ine, wauza dawa za wanyama wawe na ruhusa, na wamusomee mnunuzi siku za kungoja kwa luga anayosikia.

Tunajua ulizo linalokuja: nyama itapanda bei? Inaweza kupanda kidogo, hatutadanganya mtu. Mfugaji anayengoja siku 28 analisha, analinda, anaogopa. Haiko haki mzigo huo ubebwe na yeye peke yake. Tukitaka nyama safi, tukubali kumulipa yule aliyengoja zaidi ya yule aliyekimbia.

Na kuko nguvu moja ambayo haingoje Leta. PDG mwenye kununua ngombe mzima kwa kulisha watu wa shimo lake, ao mama mwenye kupikia kariere, hao ni wanunuzi wakubwa. Wakiuliza kila mara, «Ngombe huyu alidungwa lini?», na wakikataa yule asiye na jibu, muuza nyama atalazimika kumuuliza mfugaji, na mfugaji ataanza kuandika siku. Mama mwenye kununua kilo moja naye aulize. Ulizo halilipishwe franga.

Negosya haoni haya kupima dhahabu ya rafiki yake. Nasi tusione haya kupima nyama ya ndugu yetu, juu sisi na yeye tunakula ku chungu kimoja.